Aliyeitikia Jina la Queen

Butimba, Mwanza
3 Februari 2025

Mpwa wangu Felicitas,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya chuo kizima ambacho hakijanituma, nakutangazia kifo cha kiti cha mkufunzi katika chumba namba nne. Marehemu alivunjika mguu wa nyuma wa kushoto siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, mkufunzi akiwa juu yake anaeleza umuhimu wa maandalizi. Ameacha viti thelathini na tisa na meza moja. Mazishi yamefanyika jikoni, chini ya sufuria la maharage.

Baada ya msiba huo, salamu. Huku hatujambo. Mama yako Paskazia yuko Mirongo, goti linamsumbua akipanda ngazi ila halimsumbui akienda kwaya. Anasema umwandikie na yeye, usiandike kwangu tu kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa. Sikio langu la kulia bado limekufa, kwa hiyo usinipigie simu. Naishia kusema "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyasikia, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la Sengerema, ataivusha na kivuko pale Kigongo.

Sasa neno lako. Unasema mkuu wa shule amewaita ninyi wenye shahada zisizo za ualimu, akawaambia mwende mkasome mwaka mmoja, mfundishwe kufundisha, la sivyo mwakani hamna nafasi. Unaniuliza mimi, kwa kuwa niko chuo cha ualimu miaka ishirini na sita, kama huko ndani kuna kitu kinachostahili kumla mtu mwaka mzima.

Mwanangu, hawa watu nimewasikia. Wiki ya kwanza wanajadili namna ya kusimama. Wiki ya pili, namna ya kuandika ubaoni bila kuligeuzia darasa mgongo. Kuna somo la kuuliza swali, na kuna somo jingine la kunyamaza baada ya kuuliza. Wewe umesoma miaka mitatu habari za samaki na maji yao mpaka ukavishwa joho. Anayejua kitu atakifundisha, asiyejua ndiye anayetafuta mbinu. Kaa hapo hapo ufundishe. Maagizo ya namna hii hupoa kama uji.

Mjomba wako,
Luhaga


Kasenyi
2 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika ikinuka dizeli ya kivuko, lakini ilisomeka. Rambirambi kwa kiti. Mwambie mama nimezoea, nakula, sijakonda. Nimepewa chumba karibu na shule, nikifungua dirisha naona ziwa lote na mitumbwi ikiwa imepinduliwa mchangani kama viatu vya wageni.

Nimefuata ushauri wako. Nimemwambia mkuu kwamba kusoma kwangu kumekwisha, na yeye ameandika jina langu upande wa "wasiotaka". Nafundisha Baiolojia na Kemia, tena mimi ndiye mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili, wanafunzi sitini na mmoja. Siku ya kwanza niliinua macho nikakuta macho mia moja na ishirini na mawili. Nikayarudisha yangu kwenye daftari la mahudhurio, na hapo yakakaa.

Nikuchekeshe kidogo. Mwishoni mwa Januari niliita majina, wote wakaitika, halafu nikaona madawati nusu yako wazi. Nikamuuliza kiranja wao, msichana anaitwa Hellen, ana ulimi kama wembe.

"Madam, usishangae. Leo ni giza."

"Giza gani, saa mbili asubuhi?"

"Giza la mwezi, Madam. Mwezi usipokuwepo dagaa wanapatikana kwa wingi. Wakishushwa asubuhi lazima waanikwe mapema, la sivyo wanaoza."

"Na darasa je?"

"Darasa haliozagi."

Basi ndivyo wanavyofanya. Aliyebaki anaitika kwa niaba ya aliyekwenda kuanika, anabadili sauti kidogo, na mzazi haitwi shuleni. Hellen akaniambia mwalimu aliyenitangulia, aliyesomea kazi hii, alikuwa anawajua kwa sauti na kwa sura, alikuwa anawakamata wote. "Wewe bado, Madam," akasema, kama anayenipa pole.

Kuna mmoja tu ambaye hana dagaa wa kuanika, anaitwa Queen Chenge. Baba yake yuko kambi ya wavuvi visiwani, naye amepanga chumba hapa kijijini, wenyewe wanakiita geto. Anajipikia, ana miaka kumi na mitano, hana rafiki ila ana maswali. Juzi aliniuliza: "Madam, samaki hana kope. Sasa akilala, mwenzake anajuaje kwamba amelala?" Nilisoma samaki miaka mitatu bila kuulizwa hivyo.

Mpwa wako,
Felicitas


Butimba
11 Aprili 2025

Felicitas,

Kimya chako kimekuwa kirefu, au kondakta ameoa huko njiani. Pasaka inakuja. Mama yako ameshanunua kitambaa na ameshagombana na fundi cherehani, hivyo sikukuu imekamilika.

Nina habari itakayokupa faraja. Leo chumba namba nne walikuwa wanafundishwa kuita majina. Saa nzima! Mkufunzi anawaambia: ita jina, inua macho, mwone mtu, ndipo uandike. Sauti peke yake isikutoshe, mwone. Anawarudisha mmoja mmoja: "Hukumwona huyo. Rudia." Watu wazima na shahada zao wanaitana majina kama watoto wa chekechea. Nilicheka mpaka nikajigonga kidole.

Ona ulivyookoa mwaka wako.

Luhaga


Kasenyi
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti la mama limepoa na kidole chako pia. Masika yanaisha, barabara imeanza kupitika. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini mkono unakimbilia kwingine.

Queen Chenge amefariki.

Homa ilimshika akiwa geto peke yake, Jumatatu ya tarehe ishirini na nane Aprili. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri, amekwenda msibani Geita. Aliporudi Jumatatu iliyofuata aliikuta ndoo ya maji aliyomwachia Queen mlangoni iko pale pale, imejaa, ina mdudu juu. Yeye na majirani wakavunja komeo, wakampakia kwenye bodaboda mpaka zahanati. Alfajiri ya Jumanne akakata roho. Muuguzi alisema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. "Angeletwa hata Jumatano ile..." akasema, halafu akaanza kukunja shuka.

Baba yake alifika siku ya pili ya msiba. Mzee Chenge hakupiga kelele. Aliingia ofisini na kandambili zenye magamba ya samaki, akaomba aonyeshwe daftari. Nikalifungua, muhuri wa mkuu ukiwa chini ya wiki ile.

"Mwalimu, mimi kusoma ni kwa kubahatisha. Hizi alama za vema ni za nani?"

"Za Queen, mzee."

"Zote tano?"

"Zote tano."

"Basi wiki hiyo alikuwa mzima," akasema. Akakaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini, akasubiri. Mjomba, alikuwa anasubiri nimweleze, na mimi nikawa nasubiri yeye aondoke.

Lakini aliitika. Nakuapia. Niliita Queen Chenge, na sauti ikatoka dawati la tatu upande wa dirishani: "Nipo, Madam." Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mara tano. Sasa nikiwauliza wenzake ni nani aliyemwitikia, wananitazama tu, kama watu wanaoona haya kwa niaba yangu. Hellen peke yake ndiye aliyenijibu: "Madam, Queen hakuwa na mtu wa kumwitikia."

Usimwambie mama.

Felicitas


Butimba
24 Juni 2025

Mwanangu Felicitas,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Ningekudanganya kwamba ilichelewa, ila daraja limefunguliwa pale Kigongo na kondakta anajisifu kwamba sasa anavuka kabla soda yake haijapoa. Kwa hiyo uchelewaji ni wangu.

Mama yako nilimwambia. Nisamehe, aliniona usoni. Anataka kuja na padri, maji ya baraka na bibi mmoja wa kwaya anayejua kufukuza vitu. Nimemzuia kwa kumwambia shule imefungwa. Yeye anaamini sauti uliyoisikia. Mimi nimelelewa Usukumani, sijazoea kuwabishia waliotangulia.

Wanachuo wamekwenda likizo. Jana nilikuwa chumba namba nne peke yangu, mchana, jua linawaka. Unajua kiti cha mbao kikikaliwa kutwa nzima na kikaachwa, baada ya muda kinalia, ubao unarudi mahali pake. Viti arobaini, pamoja na kipya cha mkufunzi, vilikuwa vinalia kimoja baada ya kingine, kuanzia mbele kwenda nyuma, mithili ya watu wanaoketi. Sikio langu zima halikusikia kitu. Lililokufa ndilo lililosikia. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Chenge." Sijui kwa nini. Mtoto wa watu sikuwahi hata kumwona.

Niambie kitu kimoja. Unapoita majina, unaitaje? Unasimama wapi? Unaanza na nani? Nieleze taratibu, mimi ni mtu wa kupenda kujua kazi za watu zinavyofanywa.

Mjomba wako,
Luhaga


Kasenyi
20 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Shule imefunguliwa. Ahsante kwa mchele, mwambie mama umefika mzima na mifuko haikupasuka.

Uliniuliza ninavyoita majina. Sasa hivi naita hivi: nasimama mbele, naita, nainua macho, namwona mtu, naandika. Jina la Queen nimelikata kwa rula na wino mwekundu. Nikitoka kwa Paulina nakwenda kwa Rehema. Lakini kati ya Paulina na Rehema, kila asubuhi, nasikia pumzi. Pumzi ya mtu anayevuta hewa ili aseme neno. Hasemi. Nikitazama dawati la tatu namwona Rehema amekaa ukingoni kabisa, nusu yake iko nje, ameacha nafasi. Nilimwambia asogee. Akasema, "Hapa panatosha, Madam." Darasa zima likainama.

Kuna jambo jingine. Wilaya ilitaka maelezo, mkuu akaniagiza niandike. Niliandika kama nilivyokuandikia wewe, kwamba niliita na darasa likaitika. Mkuu akasema basi huo ni mchezo wao wa giza, na aliyeongoza ni kiranja. Hellen amesimamishwa. Bodi ya shule itakaa katikati ya Septemba kuamua kama afukuzwe moja kwa moja. Akifukuzwa, mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili wa Novemba umempita. Hellen alisema mengine mbele ya mkuu, na wenzake wawili wakamuunga mkono, lakini mkuu amesema neno la mwanafunzi aliyebanwa si la kuwekwa juu ya neno la mwalimu mwenye shahada.

Juzi nilipita mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa, nikamkuta anageuza dagaa mchangani. Amevaa sweta la shule, lile la bluu, kwenye jua lile. Alisimama akaunganisha mikono. "Shikamoo, Madam." Akarudi kwenye dagaa wake. Ningependa angenitukana.

Mkuu ameniuliza tena kuhusu ule mwaka mmoja wa masomo, majina yanapelekwa. Nimekataa tena. Nitakaaje kwenye kiti cha chuo nifundishwe kuita majina?

Felicitas


Butimba
10 Agosti 2025

Felicitas mwanangu,

Kwetu wazima. Mama yako anakusalimu na amekaa hapa mezani kwangu kuhakikisha naandika nilichosema nitaandika. Kwa hiyo leo hakuna msiba wa kiti.

Naanza na langu. Mimi si mwalimu. Butimba nzima wananiita Mwalimu Luhaga kwa sababu naingia na kutoka getini nikiwa na kalamu sikioni. Kalamu ile ni ya kupimia mbao. Niliishia darasa la saba. Kwa miaka ishirini na sita natengeneza viti na meza za watu wanaosomea ualimu, na yote niliyokuandikia kuhusu mafunzo yao niliyasikia nikiwa chini ya dirisha, kwa sikio moja, nimeshika nyundo. Ninyi mlikulia Bukoba kwa baba yenu, kwa akina Rugambwa, mkasikia mjomba yuko chuoni, mkajijazia wenyewe. Nami sikusahihisha. Mama yako alijua akanyamaza, akasema kaka ni kaka.

Uliponiuliza kama uje usome, nilijiona nimelala chali chini ya meza ya mkufunzi na misumari mdomoni, na wewe unaingia na wenzako. Nikakuandikia usije. Niliyafanyia mzaha mambo ambayo, Mungu ananiona, huwa nachelewesha kazi makusudi ili niyasikie mpaka mwisho. Lile somo la kuita majina nililisikiliza lote. Sikucheka. Kidole nilijigonga kwa kuwa nilikuwa natazama ndani. Kwa aibu yangu ya nyundo, wewe ulikosa somo la saa moja. Hilo ni langu na nitakufa nalo.

Sasa lako. Umeniapia kwamba Queen aliitika siku tano, Alhamisi ikiwemo. Nimetazama kalenda ya parokia iliyo ukutani kwa mama yako. Alhamisi ile ilikuwa Mei Mosi. Mimi nilikuwa kwenye maandamano ya wafanyakazi, ndani ya fulana iliyonibana kama ya mtoto wa kipaimara, na shule zote zilikuwa zimefungwa. Sibishi kwamba mfu anaweza kuitika. Lakini siku ile Queen alikuwa hajafa, alikuwa chumbani kwake anatetemeka, na mlango wa darasa lenu ulikuwa na kufuli. Sasa wewe ulikuwa wapi hata umwite? Mkuu wenu aliligonga muhuri daftari lile bila kuona sikukuu, kwa hiyo si wewe peke yako usiyeinua macho. Ila Hellen ndiye aliye mchangani.

Sikuelekezi. Nimekwisha kukuelekeza mara moja.

Mama yako anasema uje nyumbani ukitaka, vyovyote itakavyokuwa.

Luhaga, fundi


Kasenyi
16 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Fundi au mwalimu, wewe ni kaka wa mama yangu na shikamoo ni ile ile. Mwambie mama nakuja Jumamosi na mizigo yangu yote, si mingi.

Bodi ilikaa jana. Niliomba Mzee Chenge aitwe kutoka kambini, na Hellen aje na mama yake. Mkuu alitaka niongeze maelezo ya maandishi. Nikamwambia hapana, nitasema kwa mdomo, maana kuandika ndiko kulikotufikisha hapa. Nilianza na Mei Mosi yako. Mwenyekiti wa bodi alilivuta daftari, akahesabu siku kwa kidole, akamtazama mkuu, mkuu akatazama muhuri wake.

Hellen amerudi darasani leo asubuhi. Nilimpa mkono, akaupokea, lakini hakuniita Madam. Mimi nimeondolewa. Mkuu amesema jina langu atalipeleka kwenye ule mwaka mmoja wa masomo, ila hawezi kuniahidi kwamba watalipokea baada ya haya, na mimi sikumwomba aniahidi. Nikipokelewa Butimba nitakutafuta chini ya meza zote, nikuamkie mbele ya watu.

Jana, nilipomaliza kusema, mwenyekiti alilifunga daftari. Ni Mzee Chenge aliyeuliza. Alikuwa hajaelewa, au alikuwa anataka nirudie. "Sasa mwalimu, nieleze. Siku zile tano, ni nani aliyekuwa anamwitikia binti yangu?"

Nikamwambia hakuna. Niliita majina wiki mbili za kwanza, nikayaogopa yale macho, nikaacha. Baada ya hapo nilikuwa nalijaza daftari kila Ijumaa mchana, wiki nzima kwa mara moja, vema kwa kila mtu.